Kuhusu Mdomo wa Farasi Wangu Zorzal na Dharau Niliyofanyiwa Mbele ya Nyama Choma

Paso del Tala, Jumatatu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Don Wáshington Etcheverry,
Chama cha Wapanda Farasi

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama watoto na yule farasi jike wa kijivu aliyezaa juzi. Mimi si mzima. Nina uchungu, na nimeona heri niutoe kwa wino, maana kelele nilishapiga Jumamosi na hukunisikia, ulikuwa unakata mbavu za nyama choma ya chama.

Daktari mpya wa mifugo wa chama, Mariela Techera, aliingiza vidole mdomoni mwa Zorzal, akachungulia, akaguna, kisha akamfuta kwenye shindano la hatamu la Jumapili ijayo. Shindano la kuonyesha nani anaendesha farasi kwa wepesi wa mkono kuliko wote! Babu yangu alilishinda, baba alilishinda, na mimi nimelishinda hadi mke wangu Nélida amechoka kufuta vumbi kwenye vikombe. Mwaka huu ndio wangu wa mwisho, goti limekataa. Nilitaka kupita mbele ya watu nikiwa juu ya Zorzal, naye mdomoni amevaa ile lijamu ya fedha aliyoniachia baba. Sasa nimezuiwa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Daktari anasema pembe za mdomo wa Zorzal zimechanika, na ufizi una kidonda pale chuma kinapokaa. Mheshimiwa, farasi yule anakula miiba. Ana tamaa. Kwamba miiba imemchoma kulia na kushoto sawasawa, mahali pale pale lijamu inapopita, hayo ni maajabu ya Mungu na hayamhusu daktari.

2. Anasema Zorzal hutupa kichwa na kuachama kila nikivuta kwa sababu anaumia. Mimi ninayeishi naye najua ni mropokaji tu. Ndiyo maana nilimfunga pua kwa ukanda wa ngozi, mdomo ukafumba, mzozo ukaisha. Daktari akaniambia, "Don Heber, maumivu hujamwondolea. Umemzuia tu asikwambie." Nikamjibu kwamba kama ana neno mbona hasemi, maana yake ameridhika. Hapo Nélida, ambaye hakuulizwa na mtu, akadakia: "Ameridhika? Hebu niulize mimi niliyekaa kimya tangu harusi!" Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, nilikuona.

3. Mikono. Anadai mikono yangu ni mizito, kwamba nikishavuta nasahau kuachia, na kwamba vile vyuma virefu vya pembeni mwa lijamu hugeuza mvuto mdogo wa mkono kuwa mkubwa mdomoni. Mikono hii imezalisha kondoo wangapi? Hakuna aliyewahi kulalamika. "Kondoo watalalamikia wapi, mzee?" akauliza jirani yangu Walter Bentancor, soseji imemjaa mdomoni. Naomba Walter aonywe kwa maandishi.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa, na ninaposema linaniuma namaanisha mguu. Daktari alinikunja suruali, akaiweka lijamu ya baba yangu kwenye ugoko, pale pasipo na nyama, akamkabidhi Nélida hatamu. "Vuta kama anavyovuta yeye, mama." Nélida akavuta. Mheshimiwa, tangu tufunge ndoa sijamwona mke wangu na furaha ile. Nilipiga yowe mpaka mbwa wakakimbilia chini ya meza. "Tulia basi, mzee!" akaniambia. "Mbona unatupa kichwa? Umekula miiba?"

5. Nauliza, tunaelekea wapi? Leo farasi ana mdomo. Kesho tutaambiwa ana mgongo, na matandiko yetu yakaguliwe. Keshokutwa ng'ombe ataulizwa kama yuko tayari kuchomwa. Mwishowe tutakuwa tunawabembeleza farasi: "Samahani bwana, ungependa kugeuka kulia?" Na asipopenda? Tukae hapo hapo porini akifikiria? Nchi itasimama.

Kwa hiyo naomba Zorzal arudishwe shindanoni. Naomba pia daktari akague midomo ya wanachama kabla ya kugusa ya farasi, akianza na ya Walter. Na ugoko wangu uombwe radhi rasmi, mbele ya mbwa wale wale.

Ili pasiwe na ubishi, kesho asubuhi nitampanda Zorzal bila chuma chochote, kwa kamba tu juu ya pua, Walter akiwa shahidi. Atanitorosha mpaka mtoni, nitaanguka, na chama kizima kitajua faida ya lijamu. Bahasha naiacha wazi niongeze matokeo.

Nisalimie mama watoto, Padre, akina mama wa jikoni, na yule jike wa kijivu. Daktari naye msalimie, ila kidogo.

Ni mimi, wako juu ya tandiko na chini yake,
Heber Larrosa

Nyongeza, Jumanne. Nimerudi. Sikuanguka. Tulikwenda mbio mpaka karibu na mto, Walter akinisubiri nidondoke kwa hamu isiyo ya kijirani. Nilipotaka kuvuta nikakumbuka sina cha kuvuta, nikakaa kwa uzito na kushusha pumzi, kwa woga tu, si kwa ufundi. Zorzal akasimama. Mdomo umefumba bila ukanda, masikio yamenigeukia. Nikashuka, na leo hakunikwepa kama kawaida yake. Alinilazia paji lake kifuani akatulia hapo. Nililia, Mheshimiwa. Walter ameapa hatamwambia mtu, kwa hiyo najua umeshasikia.

Futa la kwanza mpaka la tano. Onyo la Walter libaki. Lijamu ya baba iko jikoni, Nélida anatundikia soseji. Tuandikishe kwa Jumapili, mimi na Zorzal na kamba yetu. Daktari ameridhia, kwa kuwa kamba haigusi mdomo.

Tatizo ni kanuni ya chama inayokataza farasi kushindana bila lijamu ya chuma. Ni kanuni ya kipumbavu, na aliyeitunga hakuwahi kumfikiria farasi hata siku moja. Nimeangalia kumbukumbu za vikao: ni mimi. Naomba mtu huyo aitwe kikaoni haraka, akunjwe suruali, na hatamu apewe Nélida.