Pantoni ya Zulia la Kijani

Jumamosi, 22 Juni

Otto amelala! Mchana kweupe, masaa mawili na dakika kumi! Ana miezi saba na sijawahi kuona kitu kama hicho.

Hakulala kitandani, wala kwenye gari, wala kifuani kwa baba yake. Amelala kwenye pantoni ya Mzee Virgil, jirani yetu wa gati la pili, aliyetuzungusha ziwa baada ya chakula. Sebule inayoelea, basi. Sakafu bapa juu ya mapipa mawili marefu, makochi pembeni, kipaa cha turubai. Chini kuna zulia la kijani lililopauka. Injini haingurumi, inanong'ona. Maji yanagonga mapipa polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni. Misonobari ikapita, ikapita. Signe wangu, miaka minne na mdomo wa watu kumi, akanyamaza bila kutishwa.

Nikaangalia mikono yangu. Mitupu! Sikujua niiweke wapi.

Nimeamua. Familia hii itakuwa na pantoni. Nikamwambia mume wangu Brent. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Jumapili, 23 Juni

Kumbe Brent ana pantoni yake kichwani. Ana na picha. Kazificha kwenye sanduku la ndoana tangu barafu ya ziwa haijayeyuka.

Yake ni mpya. Mapipa matatu, maspika manane, na bomba la kuteleza la kumwaga watoto ziwani. Inakimbia. Nikamuuliza tunakimbilia wapi, ziwa ni la mviringo. Akasema mke wangu, ya Mzee Virgil inapitwa na bata. Nikasema bata hao wana watoto na wamelala.

Signe anataka bomba la kuteleza. Mama mkwe anataka maspika. Wifi Kaia, dada yake Brent, aliye hapa likizo na mume wake Boyd kutoka Texas, akanitazama mifuko ya macho. Akauliza wifi, wewe unachagua boti au unachagua godoro?

Nikamjibu kwa upole kwamba keki yake imekauka.

Mimi sigombani. Mimi napanga. Kesho kutwa muuzaji anatujaribishia hiyo mpya. Nimechagua saa tisa, saa ya upepo. Nitawalisha wote viazi vya kuoka na nyama na krimu, sahani mbili mbili. Wataona wenyewe.

Jumanne, 25 Juni

Wameona wenyewe. Wamefurahi.

Mawimbi yalikuwa meupe kama nilivyopanga. Brent aliyapanda kama malaika. Mama mkwe alipiga kelele za raha, nywele zote nyuma, akaomba tena. Signe akateleza mara kumi na moja. Otto hakufumba jicho. Alicheka! Mtoto anayelia akiona soksi!

Aliyetapika ni mmoja. Nilitapikia kwenye mfuko wa nepi. Nilikuwa nimekula sahani tatu, kuwapa moyo.

Njiani Brent alinishika mkono. Akasema anaona nilivyochoka, na hatanilazimisha. Mzee Virgil anahamia mjini kwa binti yake, pantoni yake hawezi kwenda nayo, na hana moyo wa kuiuza. Akitupatia kabla ya sikukuu ya uhuru, tarehe nne Julai, basi, tutachukua hiyo ya zulia. Asipotupatia, tarehe tano Brent anaweka sahihi kwa muuzaji.

Siku tisa. Na huwezi kwenda kumwomba mtu kitu. Sisi ni watu wa Minnesota, si wanyama. Unakwenda unazungumzia hali ya hewa, mpaka yeye mwenyewe aone vibaya asipokupa.

Alhamisi, 27 Juni

Nimempelekea Mzee Virgil keki ya limau. Tumezungumzia umande dakika ishirini. Kisha mbu. Kisha nikasema, kama najisemea, kwamba Otto hajalala tangu Jumamosi. Nikalitazama zulia. Nikalitazama tena.

Akakuna shingo. Akasema labda mngeichukua ninyi hiyo pantoni.

Moyo ukaruka! Nikasema aa, hapana Mzee, hatuwezi kukufanyia hivyo.

Nimerudi nyumbani nikicheza. Brent akauliza kama ametoa. Nikasema ametoa. Akauliza nimekubali? Nikamwuliza ananionaje, nikubali mara ya kwanza kama mtu aliyelelewa barabarani? Akaomba radhi.

Hesabu ni ile ile ya bibi zetu. Mara ya kwanza unakataa kwa heshima. Mara ya pili unakataa kwa huzuni. Mara ya tatu unasema haya, kama haikusumbui. Imebaki mara mbili.

Ijumaa, 28 Juni

Mvua. Otto kalia tangu uji wa asubuhi. Nimekaa naye dirishani tukiangalia pantoni inavyopanda na kushuka gatini kwake, peke yake, kama inapumua. Nikapumua nayo. Nadhani nililala nimefungua macho. Niliota tuko katikati ya ziwa, sote wanne chini ya shuka moja kubwa la kijani, na hakuna aliyekuwa na njaa.

Nimeanza kushona mto wa kijani wa kochi la pantoni.

Jumamosi, 29 Juni

Mara ya pili! Kwenye gati, Mzee Virgil akisafisha samaki. Kasema ichukueni tu, itaozea hapa. Nikasema oo Mzee, ungewapa watu wanaostahili, na nikaiacha sauti ishuke mwishoni. Nimekataa vizuri kuliko mama yangu.

Imebaki moja. Mto umekwisha. Naanza wa pili.

Jumapili, 30 Juni

Nitaandika polepole.

Baada ya ibada, kahawa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Meza nzima tulikuwepo: mama mkwe, Wifi Kaia, Boyd, sisi. Mzee Virgil akaweka kikombe. Akaniangalia mimi. Akasema jamani, nasema mara ya mwisho, ile pantoni ichukuliwe.

Ndiyo hiyo. Ya tatu. Nikainamisha macho. Nikavuta pumzi, maana lazima ukae kidogo, usionekane ulikuwa unangoja.

Boyd akasema ninaichukua mimi. Asante sana.

Hivyo tu. Mara ya kwanza! Kwao ukipewa unapokea, wamelelewa hivyo, maskini. Mama mkwe alikuwa anamimina kahawa, akaendelea kumimina mpaka mezani. Mzee Virgil aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Lakini mtu akishasema asante kanisani utafanya nini?

Nikasema nimefurahi sana kwa ajili yenu, shemeji. Nikafuta kahawa kwa mkono wa nguo yangu.

Wifi Kaia alikuwa anatazama sahani. Yeye kazaliwa hapa, anajua hesabu vizuri sana. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Alhamisi, 4 Julai

Maandamano ya boti. Kila mwaka kila gati linapamba boti yake na kuzunguka ziwa. Wifi kaivika pantoni yangu bendera na puto. Boyd akatuita tupande. Nikataka kukataa mara tatu kwa hasira, lakini Brent alishaingia na Otto. Kesho ni siku ya kuweka sahihi. Kalamu anayo mfukoni, nimeiona.

Injini ikaanza kunong'ona.

Tulikwenda nyuma ya kila mtu, bata wakatupita kweli. Jua lilikuwa limelala juu ya maji vipande vipande. Mahali fulani mtu alipiga tarumbeta, ikafika kwetu ikiwa laini kama imefungwa kwenye pamba. Otto akapiga miayo. Akalala kifuani kwa baba yake. Kisha Signe kwenye zulia. Kisha Brent, mdomo wazi, chini ya puto jekundu. Nikakaa kati yao nisijue mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

Brent alipoamka alinong'ona mke wangu, ulikuwa unasema kweli. Akanipa ile kalamu. Akasema hasaini. Kama si hii, tubaki gatini.

Boyd alisikia. Akasema sikilizeni, sisi tunarudi Texas Jumapili, na huyu mtoto analala humu kuliko popote. Chukueni pantoni. Akatoa ufunguo. Akaunyoosha kwangu, ukining'inia na kijiboya chake cha rangi ya chungwa.

Niliuangalia. Nauona hata sasa.

Nikasema aa, hapana shemeji, hatuwezi kukufanyia hivyo.

Boyd akasema sawa. Akaurudisha mfukoni.

Brent alinibana mkono kwa fahari. Imebaki mara mbili.

Jumamosi, 6 Julai

Boyd hajasema tena. Nimempelekea keki. Tumezungumzia umande. Hajui kuzungumzia umande, alisema ndiyo, umelowa.

Wifi Kaia akanivuta pembeni. Akasema wifi yangu, nakupenda, nisikilize: huyu ni mtu wa Texas. Ukimwambia hapana, anasikia hapana. Nenda kaseme unaitaka. Nikamwambia mimi siwezi kumfanyia mgeni ukosefu wa adabu. Akashika kichwa. Akasema kijana wa dukani anayeuza minyoo ya chambo ameshaiulizia pantoni.

Simwogopi muuza minyoo. Naye ni wa huku. Atakataa.

Jioni Boyd alikuwa gatini anapakia. Nikapita na Otto analia begani, taratibu, na mto wangu wa kijani chini ya kwapa, uonekane. Nikasimama. Nikalitazama zulia. Akainua kichwa, mtu mwema, akauliza shemeji, kuna kitu mnahitaji kabla hatujaondoka kesho?

Nikasema kwa huzuni, sauti ikishuka mwishoni, hapana, sisi tuko sawa tu.

Hiyo ni ya pili! Imebaki moja.