Muuguzi Aliyelipua Treni

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba ametangaza vita! Kaweka mbao mbili nje ya kibanda chetu cha filamu. Wa kulia wangu. Wa kushoto wa Miwani, binti wa fundi cherehani wa hapo jirani, anayekuja kusaidia tangu amalize shule. Kila mmoja aandike kwa chaki maoni yake kuhusu filamu alizoona. Mteja akileta flashi yake kujaziwa filamu, aseme katumwa na ubao upi. Jumamosi, mwenye wateja wengi anapewa kaunta. Kaunta yenye kiti cha kuzunguka!

Nimefagia kibanda hiki miezi minane. Miwani ana wiki sita. Kwa haki, hata mashindano hayakuhitajika. Nikamwambia Mjomba hivyo. Akasema kwa haki nilitakiwa kufagia na chini ya meza.

Kuna zito zaidi. Baba kasema nikikosa kaunta, Jumatatu ijayo naongozana naye kiwanda cha matofali. Yeye kabeba matofali tangu sijazaliwa, mgongo umepinda kama ndoano, na bado anaona ni urithi wa kuniachia. Mikono hii! Mikono ya rimoti!

Sina wasiwasi. Shule niliiacha kidato cha pili (Mama anasema iliniacha yenyewe), lakini filamu nimeona mia tatu na ushee. Nyingine mpaka mwisho.

Jumanne, 4 Machi

Ubao wangu wa kwanza. Naunakili hapa kwa faida ya vizazi:

YA BONDIA, KISA CHA KWELI. Anapigwa saa moja na nusu. Dakika tano za mwisho anapiga yeye. Mimi ningeanza na hizo tano nikalale.

YA MPELELEZI. Muuaji ni daktari. Nimewaokolea muda.

YA MWANAMUZIKI, KISA CHA KWELI. Kuimba kidogo, kulia kwingi. Mke wa kwanza ndiye aliyekuwa mke.

Watu walicheka barabarani! Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alicheka mistari miwili, akafika kwa mpelelezi, akanuna. Kumbe ndiyo aliyokuwa anaitazama, kabakiza nusu. Akaja na mkasi mkononi kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwonyesha Mjomba.

Miwani kajaza ubao mzima kwa filamu moja tu. Ya mwanamke mwanahisabati. Eti "mwongozaji ameuacha ukimya uzungumze." Ukimya uzungumze! Kwangu ukimya ukizidi naangalia kama waya wa spika umechomoka.

Matokeo: Miwani kumi na mmoja, mimi wanne. Mmoja wa hao wanne ni mama yangu, na hana flashi.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua siri ya ushindi. Kasi! Kuanzia leo natazama filamu kwa mwendo maradufu. Wanaongea kama ndege, lakini unaokoa saa nzima.

Nimejifungia chumba cha nyuma na kompyuta ya Mjomba. Kompyuta hii ni ya kale, faili kubwa haimezi, kwa hiyo Mjomba kakata kila filamu vipande viwili na kuvipa namba. Ukimaliza A ya namba fulani, unatazama B yake. Majina hatuyashughulikii.

Nikachukua 114A. Kisa cha kweli cha muuguzi wa zamani. Anatembea kwa miguu kwenye mvua, anazalisha, anatembea tena, anazalisha tena. Anaanzisha shule ya wakunga. Mkubwa mmoja anamnyima mabati. Nikasinzia, nikaamka, bado anaomba mabati. Nikasema kaunta imekwenda.

Halafu nikafungua 141B.

Mama yangu! Yule muuguzi kapanda treni na koti jeusi na sanduku! Anamnyonga kanali kwa tai yake mwenyewe! Anaruka dirishani, treni inalipuka nyuma yake, wala hageuki!

Nilisimama juu ya kiti. Hawakueleza hata neno kwa nini kabadilika, na hapo ndipo penye ufundi. Mtunzi mdogo angeeleza. Hata sura wameibadilisha, pua nyingine kabisa, kuonyesha machungu ya kunyimwa mabati. Hiyo ndiyo filamu!

Nimeziweka hizo faili mbili kwenye folda yake peke yake, nisihangaike kutafuta tena. Na ubao ni huu:

YA MUUGUZI. KISA CHA KWELI. Sehemu A anazalisha. Sehemu B anaua. Mwenye moyo mwepesi asome ubao wa kushoto.

Alhamisi, 6 Machi

Foleni! Foleni imepita mlango wa fundi cherehani! Gereji nzima imekuja, hadi fundi aliyekuwa chini ya gari kaliacha kwenye jeki. Kinyozi pia kaja. Kasema hajanisamehe, lakini treni ni treni.

Miwani aliusoma ubao wangu mara mbili. Akaniambia filamu ya muuguzi kaitazama tangu mwezi jana, na hakuna treni wala kanali. Nikamwambia dada yangu, futa hiyo miwani. Akataka kujua nimetazama namba ngapi. Nikamjibu hiyo ni siri ya ofisi. Akasema ofisi gani, ya ufagio?

Aibu ikamrudia mchana. Wateja aliowahudumia yeye walirudi wamefura. Fundi gereji kauliza treni yake iko wapi, maana kwenye ya Miwani muuguzi anazeeka tu na kupewa medali. Medali! Kwa yule mwanamke! Nikawajazia upya kutoka folda yangu, wakaondoka wakiniita mkuu. Miwani alibana midomo ikawa kama kishikizo.

Na sijafika kwenye habari yenyewe. Jioni kaja Sista, mkuu wa zahanati ya mtaa wetu. Kesho wanamuaga mkunga wao mzee anayestaafu, na Sista kaona kwenye ubao wangu maneno mawili, "muuguzi" na "kisa cha kweli". Anataka kumwonyesha bibi filamu hiyo kama heshima. Akaniuliza kama kuna lolote lisilofaa mbele ya wazee. Nikamwambia Sista, filamu hii itawafumbua macho. Sikusema uongo.

Watu sitini watakuwepo! Wote wa ubao wangu! Nimemwambia Baba aiuze ile sululu aliyoniandalia.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa chini ya kitanda. Si kwa woga. Kuna utulivu huku.

Ilianza vizuri. Chumba cha kusubiria wagonjwa, madirisha yamezibwa kwa mashuka, manesi na sare zao, kina mama na watoto, Mjomba mstari wa mbele na shati la pasi. Bibi Mkunga katikati kwenye kiti chenye mto. Ndipo Sista akanipasulia habari kwamba bibi huyu alifundishwa na muuguzi yuleyule wa kwenye filamu! Nilifurahi jinsi gani! Nikatoa na hotuba. Nikasema, "Bibi, leo utamjua mwalimu wako kuliko ulivyowahi kumjua."

Sehemu A walilia wote. Bibi alikuwa akinyoosha kidole, "Ndivyo alivyotembea! Ndivyo alivyofunga kitambaa!" Mjomba aligeuka akanikonyeza. Mjomba! Kukonyeza! Nikakiona kiti kinazunguka.

Nikaweka sehemu B.

Kanali aliponyongwa, watoto walisogea mbele. Bibi akasimama polepole. Akasema mwalimu wake hajapanda treni maisha yake yote. Akasema hata ngazi alikuwa anaogopa, ndiyo maana shule yao ilijengwa chini tu. Akaitazama tena skrini, akaongeza kwamba mshiko wenyewe ule si wa mtu aliyesomea.

Sista akapiga kelele nizime. Nikabonyeza rimoti, betri zimekufa! Treni ikalipuka kwa sauti yote. Watoto wakapiga makofi. Mama mjamzito wa chumba cha pili akashikwa na uchungu papo hapo, na Bibi Mkunga akavua saa, akakunja mikono ya gauni la sherehe na kuingia kumzalisha. Mtoto wa kiume, mzima. Nadhani mchango wangu katika hilo utatambuliwa siku moja.

Miwani, naye alikuwa kaalikwa, alikuja kwenye kompyuta, akainama kusoma majina ya faili. Mia moja kumi na nne. Mia moja arobaini na moja. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe nilishonea shati la mmoja kwenye suruali ya mwingine! Filamu mbili, wanawake wawili, pua mbili!

Mjomba aliinuka. Alienda ukutani akachomoa waya kwa mkono.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya hukumu. Mimi: wateja mia moja kumi na tisa. Miwani: hamsini na wawili.

Kaunta kapewa Miwani.

Nikadai haki yangu. Mjomba akasema wateja wa filamu isiyokuwepo hawahesabiki. Nikamwambia filamu haipo lakini watu wapo, na kinyozi yule pale, amuulize. Akaniambia we mtoto wa dada yangu, nyamaza kabla sijasahau tuna damu moja.

Miwani akakaa kwenye kiti. Akakizungusha mara moja, taratibu. Akaniita Kaka Nusu. Lakini wateja walipopungua akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ubao wa bondia ulimchekesha wiki nzima, na kwamba siku nikitazama filamu moja tangu mwanzo hadi mwisho nitakuwa mtu hatari. Nimelichukua neno "hatari". Mengine nimemwachia.

Mchana Mjomba kanipeleka kwa Bibi Mkunga kuomba radhi. Nilipiga magoti vizuri sana. Mjomba alipotoka kupokea simu, bibi akaniinamia sikioni: yule mwanamke wa treni, alianzaje? Nikamwambia bibi, hata mimi sijui. Akasikitika kweli.

Baba kanunua jozi mbili za glavu. Kubwa na ndogo. Kaziweka mezani pamoja na kuziangalia kama picha ya harusi.

Jumapili, 9 Machi

Kesho matofali. Saa kumi na mbili asubuhi. Mama anasema nimekonda tayari.

Ila Baba, katika kunitisha, kateleza ulimi. Kasema msimamizi wa kiwanda ni mkali, hacheki, hapendi kitu duniani isipokuwa filamu za visa vya kweli. Nikamwomba arudie. Akarudia! Usiku wa leo mzee wangu atalala akidhani kanivunja moyo.

Mwenye kichwa hakosi pa kukaa. Nimepita kibandani mchana Miwani akiwa ameenda kula, nikajaza flashi. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimetazama kwanza makava, zile picha za nje za filamu. 60A, maisha ya mwimbaji kipofu, mwenye ndevu. 27B, mtu anakimbizwa na polisi kwenye theluji, mwenye ndevu. Ndevu kwa ndevu! Pua sikuacha, nimezipima kwa rula, zinalingana. Kosa la wiki iliyopita lilikuwa pua.

Maoni nimeshamwandikia msimamizi kwenye karatasi safi: KISA CHA KWELI, ANAPATA KUONA MWISHONI NA KUTOROKA. Kufika saa nne nitakuwa nimekaa ofisini kwake, namweleza habari za mwongozaji, na Baba anapita dirishani na glavu zangu.

Sijaitazama bado. Ni nzuri sana.