Picha Moja Yenye Rania Sitini na Nane

Jumapili, 9 Novemba 2025

Alhamdulillahi, kupamba kwa mwanangu Rania, sherehe ya bibi harusi na wanawake watupu, kumepita jana. Simu zote nilizikusanya mwenyewe mlangoni, kikapu kikajaa. Wanawake wamevua mabuibui, sitaki nywele za watu ziamkie kwenye simu za wanaume wa mtaa wetu, Langoni. Jirani yangu Nadra akaapa hana simu. Nikampapasa kifuani mbele ya wakwe. Sikupata kitu. Akaniuliza kama nataka na meno yake niyahesabu. Hasemi nami tena.

Mpiga picha nilikuwa mimi peke yangu. Kamera ya mwanangu Idarus, yeye yuko Mombasa. Nilibonyeza mara moja. Ikanguruma kama cherehani, ikanyamaza, taa nyekundu ikawaka. Nikajua nimeiunguza. Nikaizima. Kisha saa mbili nzima nikazunguka nayo najifanya napiga. Watu wakakaa sawa, wakatabasamu bure.

Leo nimeiwasha. Haikuungua. Picha imo moja: mgongo wa Nadra, wote wazi, na nyuma yake Rania amefumba macho kama anayengoja sindano.

Rania ameuliza picha ziko wapi. Nimesema zinapumzika.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempigia Idarus. Amecheka hadi simu ikakatika. Alipopiga tena akasema kamera aliiacha kwenye kupiga mfululizo, na mimi lazima niling'ang'ania kitufe. Ile si picha moja. Ni faili, na ndani mna picha nyingi, mbichi, hazijaguswa. Akanielekeza pa kusoma idadi. Sitini na nane. Kinachoonekana ni ya kwanza tu. Nikamuuliza Idarus, Rania sitini na nane wanaingiaje mahali pa mmoja? Akasema mama, fikiria bunda la leso, ukilitazama waona leso ya juu tu. Hapo nikaelewa. Akaanza kunieleza jinsi ya kuzitoa moja moja. Hapo nikaacha kuelewa.

Akasema basi nimtumie faili. Nikamwambia mgongo wa Nadra si maharimu yake. Akakubali upesi sana.

Ijumaa maji yakijaa Rania anapanda boti kwenda Faza kwa mumewe, Aqil. Anataka picha moja ya kwenda nayo simuni. Awe peke yake, macho wazi, Aqil aweze kuiona bila dhambi. Nimemuahidi. Sijamwambia kwamba zile nyingine nilipiga hewa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeitoa kadi ya kamera. Ndogo kama ukucha. Nimeishika kwenye mwanga wa dirisha, nikaigeuza upande na upande. Sikuona mtu. Mume wangu, Bwana Muhdhar, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia mtoto wetu. Akachukua kofia yake akaenda msikitini, na adhana bado.

Jumatano, 12 Novemba

Ubaid hutengeneza kompyuta hapa Langoni. Ana adabu zake, ila ni mwanamume. Nikamuomba azitoe picha bila kuzitazama. Akasema Bi Barka, hata kinyozi hukitazama kichwa. Nikamfunga macho kwa leso yangu. Macho yangu, mikono yake, ndio mpango. Mimi nisome kilichoandikwa, yeye abonyeze.

Kilichoandikwa ni Kizungu. Nikawa namtajia herufi, yeye anaziunganisha. Kwenye herufi ya kumi na mbili akapiga chafya, mkono ukateleza, mashine ikaanza kuchapa fomu za boti za mteja. Nakala arubaini. Nikamwambia tuendelee.

Mkewe akaingia na chai. Akamkuta mumewe amefungwa macho kwa leso ya mtu, nami nimeinama sikioni mwake namwambia polepole, shuka chini kidogo, hapo hapo.

Kadi nimeiokoa. Leso imebaki kule. Sitaifuata.

Alhamisi, 13 Novemba

Sina ndia nyingine. Nadra hushona kofia na kuzipiga picha kwa wateja wa mbali, na kamera yake ni pacha wa hii. Nimekwenda na sambusa ishirini. Akafungua mlango nusu, akauliza leo nimekuja kupapasa nini. Nikamuomba radhi. Akasema hajasikia. Nikaomba tena kwa sauti. Jirani wa ghorofani akasema yeye amesikia. Ndipo akanifungulia.

Nikamuonyesha mgongo wake. Habari za leso zilishamfikia, akauliza Ubaid alifika wapi. Nikasema herufi ya kumi na mbili. Akavuta kiti.

Hata kompyuta hakuitaka. Alibonyeza kitufe cha katikati, pakatokea mstari wa vijipicha, akawa anazungusha gurudumu kwa kidole kama anayevuta tasbihi. Mgongo ukaanza kusogea. Kwenye ya ishirini na tisa Nadra amegeuka, mkono uko kisogoni, kwenye fundo la nywele. Ya thelathini, simu imechomoza. Ya thelathini na moja, ameinyanyua juu.

Mimi nilipapasa kifua. Ilikuwa kichwani.

Akazungusha upesi. Mimi nikatazama boriti za dari, nikazihesabu. Kwa ajili ya mwanangu tu.

Ya hamsini na tatu. Rania peke yake. Macho wazi, anacheka, ananitazama mimi. Nadra akauliza mbona sikuachia kitufe. Nikamwambia nilimuona mwanangu pale kitini, machozi yakanijaa, kidole kikasahau. Akanipa sambusa moja katika zile nilizomletea.

Akaitoa ile moja ikawa picha kamili, akaiingiza simuni mwangu. Kisha akasema zilizobaki bora zilale humo humo. Nikasema bora.

Ijumaa, 14 Novemba

Rania aliiona picha gatini, mizigo imeshaingia botini. Akacheka, akalia, wanja ukamtiririka, akaniambia mama umenipiga vizuri. Nikataka kumwambia yote.

Akauliza zile nyingine. Ya keki. Ya shangazi. Zile alizoniwekea shingo upande hadi ikamuuma. Nikamwambia zimo humo ndani, kazi ni kuzitoa tu. Nahodha akasema maji hayangoji. Nilisimama hadi sikuiona boti.

Jumapili, 23 Novemba

Mamake Nasreen ameiona picha ya Rania. Mwezi ujao anamuoza bintiye, anataka mimi ndiye nipige. Nimekubali kabla hajamaliza.

Idarus amepiga simu tena. Asema nizime huo mfululizo, ni kuzungusha kitu kidogo tu. Sizimi. Ndio ulionipa picha.

Simu tutakusanya, kikapu kimoja kikubwa. Mlangoni nimemuweka Nadra. Aliye na mbinu ndiye anayejua mbinu za wengine. Amefurahi, amesema kikapu atakaa nacho chumbani yeye mwenyewe, huku mlango ameurudisha.

Rania naye hupiga kila siku, aulizia ile ya keki. Namwambia inakuja, zinatoka kwa zamu.

Sasa najizoeza na kamera, imezimwa. Nimemwambia mamake Nasreen nitabonyeza mara moja tu, asiwe na wasiwasi, wote watatosha humo. Jana nilishikilia kitufe nikisoma Yasini tangu mwanzo hadi mwisho. Kidole hakikutetemeka.