Visanduku Vinne na Chumba Chenye Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mama Mwenyekiti katangaza: chama chetu cha wafuga nyuki kinatafuta Mkuu wa Mawasiliano. Atapewa chumba chake mwenyewe. Chenye dirisha! Mimi miaka yote nimebanwa kati ya ndoo za asali na mlango wa choo. Kabla ya kuajiri, kamati inataka uchambuzi wa SWOT wa mawasiliano yetu: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Nikanyoosha mkono hata hajamaliza kusema.

Mpinzani ni mmoja tu, kijana tunayemwita Redio. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza chamani. Kila asubuhi anawatumia wanachama ujumbe wa sauti, nao wanampenda kupita kiasi. Lakini mchambuzi ni mimi, na mchambuzi ndiye anayeamua nani akae kisanduku gani. Chumba hicho ni changu.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora visanduku vinne kwa rula. Nguvu: jarida la kila mwezi (langu), ubao wa matangazo (wangu). Fursa: kuniongezea madaraka. Vitisho: ujumbe wa sauti, hasa wenye vichekesho. Kwenye Udhaifu kalamu ikagoma. Kila udhaifu niliofikiria ulikuwa kazi ya mikono yangu. Nikakiacha kitupu.

Redio akashauri tuwaulize wanachama. Nikamjibu kwamba wanachama hawana utaalamu. Kusema kweli, nawaogopa. Watasema.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mama Mwenyekiti kasoma, kavua miwani, kauliza kama kweli hatuna udhaifu wowote. Nikasema kwa fahari kwamba hatuna hata chembe. Akasema basi hakuna haja ya kuajiri mkuu, fedha hizo zikanunue mizinga. Nikamnyang'anya karatasi, kwa adabu, nikidai ilikuwa rasimu tu. Kanipa hadi Ijumaa.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Hakucheka. Kaniongezea nyama bila kuombwa, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Alhamisi, 6 Machi

Leo naandika udhaifu bila huruma. Jarida linatangaza mavuno wakati asali imeshauzwa. Ubao wa matangazo niliutundika uani, katikati ya mizinga, kwa sababu pana kivuli kizuri. Kuusoma lazima uvae wavu usoni, na ukishavaa wavu huoni maandishi yangu madogo. Tangazo la mkutano mkuu lilikaa pale mpaka nyuki wakajenga masega nyuma ya ubao.

Redio kusikia hayo, kacheka hadi kakaa sakafuni. Kisha kanisaidia kukumbuka mengine. Kuhusu makosa yangu, yule kijana ana kumbukumbu kali sana. Kisanduku kikajaa, tukaongeza karatasi ya pili kwa gundi. Kamati ikiona hivi, itaajiri mkuu mbio mbio.

Ijumaa, 7 Machi

Nilisoma kwa sauti ya msibani. Kamati ikaguna, ikatikisa vichwa, ikanipigia makofi. Nikajiona tayari nafungua dirisha. Ndipo Mweka Hazina akauliza, kwa upole kabisa, nani alikuwa na dhamana ya mawasiliano muda wote huo.

Nikatazama dari. Wao wakanitazama mimi. Nikasema tatizo ni mfumo. Akauliza mfumo huo unakaa wapi. Redio akajibu kwa niaba yangu kwamba unakaa karibu na mlango wa choo. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Cheo kapewa Redio. Lakini kabla kikao hakijafungwa akasimama, akasema hakipokei bila mimi kuwa msaidizi wake. Eti mimi ndiye niliyemfundisha kazi, na hajaona mtu mwingine aliyethubutu kujianika hivyo mbele ya watu. Jioni tukahamisha meza pamoja. Yangu kaiweka dirishani, yake kaisogeza pembeni, kwenye giza. Nikasema macho yananiwasha kwa moshi wa kufukizia nyuki. Hakukuwa na moshi. Nampenda sana yule kijana, na simwambii ng'o.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe anakuja kesho kumpongeza mwanawe Redio. Atalala kwetu. Nimeambiwa leo, ingawa mke wangu anashikilia kwamba amekuwa akinieleza tangu jana jioni. Hapo ndipo akili ikanifunguka: mawasiliano ya nyumba hii hayajawahi kuchambuliwa kitaalamu.

Nimetoa rula. Nguvu: mimi. Udhaifu: mke wangu, hasemi mambo mapema. Fursa: kuniongezea madaraka. Vitisho: mama mkwe.

Na somo la ubao nimelielewa vizuri. Safari hii nimeandika kwa herufi kubwa, nikaibandika karatasi mlangoni mwa jiko, pasipo na nyuki hata mmoja, ambapo kila anayeingia ataisoma.