Nani Kaleta Mlalamikajiwa?

Jumatatu, 3 Machi

Bosi katuita mimi na yule msichana mpya. Kasema kuanzia leo hakuna kubeba mafaili kwenda mahakamani, kila kitu kinatumwa kwa mtandao. Mtandao! Na hii miguu yangu ifanye kazi gani? Nimembebea karatasi huyu wakili tangu ana nywele. Makarani wa mahakamani wananijua kwa kikohozi.

Kuna kingine. Ijumaa atachagua mmoja wetu awe mtu wa kutuma kesi. Yule wa pili ataenda wapi, bosi hakusema. Alitazama mlango tu. Niliona.

Msichana nimempa jina Bonyeza. Ukimuuliza chochote anasema bonyeza hapa, bonyeza pale. Ananiita anko. Halafu anachekacheka. Mtu mwenye nia safi anacheka Jumatatu asubuhi? Kaomba nywila yangu, eti anisaidie kuingia. Nikampa ya uongo. Ikagoma. Nikamwambia mtambo mbovu. Baadaye nikataka kuingia mwenyewe, ile ya kweli nimeisahau! Kanichanganya makusudi, hadi bosi akanipa nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Mahakama imeturudishia kesi ya Mama Cherehani. Huyu mama ni fundi nguo. Jirani yake kajenga ukuta pua na dirisha lake, sasa anashona mchana kwa taa, na macho yenyewe ndiyo hayo. Anataka ukuta ubomolewe. Mahakama inasema huko mtandaoni hawataki tena "mdai" na "mdaiwa". Wanataka "mlalamikaji", ndiye mama, na "mlalamikiwa", ndiye jirani. Irudi kabla ya kesho kutwa jioni, la sivyo kesi inatupwa.

Bosi akauliza nani ataifanya. Bonyeza akainua mkono. Mimi nikainua yote miwili, nikapewa.

Jioni nikapitia kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye duka la kutoa kopi. Akaniambia nisihangaike kusahihisha neno kwa neno. Kuna mahali unaandika neno la zamani, unaandika na jipya, unabonyeza, yanageuka yote kwa mpigo. Nikamwambia shemeji, usinifanye mtoto. Akachukua barua yenye jina langu, akabonyeza, nikawa mbuzi barua nzima. Teknolojia haina adabu. Lakini nimeipenda.

Jumatano, 5 Machi

Siku yangu! Nikaandika mdai, nikaandika mlalamikaji, nikabonyeza. Kufumba na kufumbua, kwisha. Nikamtafuta mdaiwa nimgeuze na yeye. Mashine ikasema hakuna mdaiwa. Haiwezekani. Nikachungulia ndani. Jirani kawa "mlalamikajiwa". Kila ukurasa, mlalamikajiwa, mlalamikajiwa. Nani kaleta huyu mtu? Nikamtazama Bonyeza. Anakunywa chai kama hajui kitu. Hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Sikutetereka. Kilichozidi ni kile kimkia, "wa". Nikaamuru mashine ifute kila "wa". Ikafuta zote bila hata kuguna. Nikatuma palepale, kabla adui hajamaliza chai.

Bonyeza akaja nyuma ya kiti changu.

"Umeisoma, anko?"

Nikamjibu kwamba mimi nilianza kusoma yeye bado ananyonya. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Cherehani kaingia bila hodi, futi ya kupimia shingoni, simu mkononi. Kumbe mtandao unamtumia na mwenye kesi nakala! Hiyo mbona sikuambiwa? Akasoma kwa sauti mbele ya wateja: "Mlalamikaji alijenga ukuta mbele ya dirisha la mlalamikaji." Akaishusha simu.

"Mwanangu, yaani nimejishtaki?"

Nikamwambia ni lugha ya kisheria. Akaendelea kusoma. Wakili kawa "kili". Watoto wamekuwa "toto". Yeye mwenyewe, mwanamke mjane, kawa "mnamke mjane". Na "kwa kuwa" imebaki "k ku", kama kuku anayekata roho. Mteja mmoja alicheka hadi akamwagikiwa chai. Mama hakucheka. Alisema macho yake hayatasubiri kesi nyingine, akakaa kwenye benchi. Hapo nilijisikia vibaya. Kidogo.

Bosi akatoka, akauliza nani kafanya hivi. Nikasema mtambo. Nikasema pia humu ndani kuna watu, sitaji mtu. Bonyeza akavuta kiti. Alifungua nakala ya zamani, akamgeuza mdaiwa kwanza, ndipo akamgeuza mdai. Kumbe ukianza na lile refu, fupi haliliharibu! Nilikuwa nachungulia kwa jicho moja. Kisha akaisoma yote mstari kwa mstari, mama pembeni yake anasikiliza. Jioni mahakama ikapokea. Mama akamkumbatia Bonyeza. Mimi akaniambia nikanawe uso.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi kamchagua Bonyeza. Akanitazama, akatazama mlango. Nikachukua koti langu.

Bonyeza akasema anaomba nibaki, anahitaji mtu wa kusoma kila karatasi kwa sauti kabla haijatumwa. Bosi akaguna. Akakubali, ila kosa moja tu tena, koti na mimi nje.

Sasa mimi najiuliza: kanitetea ili iweje? Mtu hamtetei mtu bure. Mama watoto anasema labda msichana ana roho nzuri tu. Mke wangu ni mwepesi wa kudanganyika. Ndiyo maana alinikubali.

Jumatatu, 10 Machi

Kusoma kwa sauti kunakausha koo. Leo nimepewa mkataba wa nyumba, mnene kama godoro. Bonyeza akatoka nje na simu yake, akaniomba nikimaliza nimwite.

Nikagundua jambo: mashine inajua kusoma yenyewe! Nikaibonyeza ianze. Inasoma kama mtu aliyeungua ulimi, lakini inasoma. Nikaiacha, nikaenda kujibanza nyuma ya mlango nimsikilize Bonyeza anaongea na nani. Anaongea na mama yake. Ndivyo anavyodai.

Niliporudi mashine ilikuwa imemaliza, na imeniuliza kitu kwa Kiingereza. Sikuelewa hata neno, ila kitufe ni kilekile nilichobonyeza nilipotuma kesi ya mama.

Nikakubali.