Padrino wa Lifti

Jamani, kabla hamjasikia kwa wengine wakawaharibia utamu: Lisandro Peredo ameoa lifti. Sitanii. Wamefungishwa kabisa, yeye na lifti, mbele ya mashahidi, bendi ikipiga. Ngoja nianzie pale anapoanzia kila tapeli: barabarani, mikono mfukoni, macho kazini.

Ilikuwa asubuhi ya baridi ya El Alto, mji wetu wa milimani huku Bolivia, ile ya kufanya pua iombe likizo. Peredo akawa anapita mbele ya jumba jipya la Don Severo Tarqui. Majumba ya huku si mnayajua? Rangi ya chungwa na kijani, madirisha kama mabawa ya kipepeo, chini maduka, juu yake ukumbi wa sherehe wenye mataa ya vioo, na juu kabisa anakaa mwenye mali, autazame mji kama tai. Mlangoni ngazi za marumaru zinazolindwa na simba wawili wa saruji, wenye sura za watu waliokosa chai ya asubuhi.

Chini ya simba hao palikuwa na ugomvi. Doña Basilia, dada mkubwa wa Severo, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, sketi zake zimefurika kiti kizima, kofia imekaa upande. Nusu ya jumba lile ni pesa zake za kuuza vitambaa sokoni.

"Severo, siku ya ufunguzi mimi nitapanda na nini?"

"Dada, si tutakubeba? Vijana wanne, mabegani, kama Bikira siku ya maandamano."

"Bikira haendi chooni."

"Dada jamani!"

"Wala hachezi dansi. Mimi nacheza. Na nataka niingie ukumbini kwangu mwenyewe, sio nipandishwe kama kabati. Lifti ilikuwepo, Severo! Nilimwambia msanifu aichore wakati jumba bado ni karatasi, akaichora. Iko wapi?"

Severo akawatazama simba, simba hawakumsaidia. Lifti ilikuwa imegeuzwa duka. Shimo lake alilifunika kwa mbao na vigae, akaweka mlango, akamwahidi muuza keki za harusi. Lifti hailipi kodi ya pango, muuza keki analipa.

Mtu mwingine angeona ugomvi wa ndugu, akaendelea na safari yake. Peredo aliona ukuta wenye ufa, na ufa wenyewe unatosha mkono wake kupita.

Kesho yake akarudi na kofia ya ujenzi, kizibao cha njano, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama kipimo cha daktari.

"Mhandisi Peredo, Idara ya Majengo Yanayopitika."

Idara hiyo haipo. Aliitunga akiwa anavuka barabara.

Akapima ngazi. Akapima simba, Mungu anajua kwa nini. Halafu akaguna. Kuna matapeli wa kusema na kuna matapeli wa kuguna, na Peredo kwa kuguna ana kipaji, angeweza kulipwa redioni.

"Kuna nini, Mhandisi?" Severo akauliza.

"Hamna kitu, bosi." Akaguna tena.

"Sema basi!"

"Jumba halipitiki na kila mtu, hili litafungwa. Siku hiyo hiyo ya ufunguzi. Kufuli kubwa hapa, bendi imeshapanga mstari, wageni wanatazama."

Severo akamshika simba sikio.

"Labda," Peredo akashusha sauti, "kama ungekuwa na cheti."

Cheti kinasema jumba linapitika na kila mtu. Kina mihuri. Juu yake kuna kibandiko cha buluu chenye picha ya kiti cha magurudumu, cha kubandika mlangoni.

"Nikikibandika, ndio mtu wa kiti atapita?"

"Hapana, bosi. Ndio mkaguzi atapita."

Hapo Severo akampenda. Lifti ingemla muuza keki wake, kibandiko hakili mtu! Wakakubaliana: nusu ya malipo sasa, nusu siku ya ufunguzi, kufuli lisipotokea. Na kwa heshima ya dada, Mhandisi akalaza mbao ndefu juu ya ngazi, akaiita mteremko.

Doña Basilia akaitazama ile mbao. Ilikuwa imesimama kiasi kwamba hata llama, mnyama wetu wa kupanda milima, angeomba ushauri kwanza.

"Ni salama kabisa, mama," Peredo akasema.

"Nakuamini, mwanangu. Nisaidieni nikae pale kwenye benchi. Haya, karibu kiti, tuonyeshe."

Angekataaje? Akakaa, akasukuma magurudumu, akapanda mpaka usawa wa kidevu cha simba. Hapo kiti kikafikiri upya. Kikarudi kinyumenyume, kikateremka barabara na Mhandisi ndani yake, kikampita mama muuza salteña, zile sambusa zetu za mchuzi. Peredo akapunga mkono kuomba msaada, yule mama akajua anaagiza, akamtupia mbili za moto mapajani. Alisimamishwa na lundo la mchanga.

Doña Basilia alicheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akamtazama kama mfanyabiashara anayempima mteja. Mtu wa idara ya kweli angeanza kwa kumuuliza yeye mwenye kiti. Huyu alikuwa ameshapima simba, ngazi na mfuko wa Severo, lakini Doña Basilia hajamwuliza hata anapitaje mlangoni kwake.

"Mhandisi una moyo," akasema, huku akimimina bia. "Siku ya ufunguzi nataka uwe padrino wetu."

Sasa, huku kwetu sherehe haisimami bila padrino, mfadhili wa heshima. Kuna padrino wa bendi, padrino wa keki, padrino wa mataa, na kila mmoja anatoa kitu chake hadharani.

"Padrino wa nini, mama?"

"Nitakutafutia kakitu."

Peredo akawaza: maputo, pengine. Halafu kwani tapeli hulipa? Tapeli huondoka kabla ya keki kukatwa. Akapokea glasi, akadondoshea ardhi tone lake, akanywa. Na ukishakunywa na ardhi ikishakunywa, ahadi imefungwa, hata askofu hawezi kuifungua.

Siku ikafika. Mchana kweupe, matarumbeta yanang'aa, bia inamwagwa kwenye kona nne za jumba. Ila watu wote wako nje! Doña Basilia alikataa kubebwa, na mkubwa wa nyumba akiwa chini hakuna wa kumtangulia kupanda. Bendi, wageni, keki ya ghorofa tatu, wote wamekwama barabarani wanatazama ngazi.

Nyuma ya simba, Severo akampenyezea Peredo mkoba wenye nusu iliyobaki. Peredo akauminya kwapani, akaanza kulisogelea gari lake jekundu, hatua za mtu anayetafuta choo.

"Padrino wa keki, Don Ciprián!" Doña Basilia alikuwa ameshika kipaza sauti. Makofi. "Padrino wa bendi, Don Hilarión!" Makofi. "Na padrino wa lifti, Mhandisi Lisandro Peredo!"

Weee! Chengachenga za karatasi zikamwagika kichwani mwake, shada likamshuka shingoni, akina mama wakaanza kumbandika noti kwenye koti kwa pini.

"Na kwa uungwana wake, pesa za lifti amekuja nazo mwenyewe! Mnauona mkoba?"

Peredo akafungua kinywa. Aseme nini, kwamba hizi ni za cheti feki? Akimbie? Nyuma tarumbeta kubwa la tuba, mbele akina dada wanazungusha sketi, kila bega limekumbatiwa na mtu anayemwita ndugu.

Severo akaja mbio. "Dada! Lifti gani? Pale si kuna muuza keki?"

"Unakataa zawadi ya padrino, Severo? Na ardhi imeshakunywa?"

Severo akaitazama ardhi, mbichi kabisa. Akawatazama majirani, ambao wangelisimulia jambo hilo mpaka kwa wajukuu. Akauangalia mkoba, anaujua mpaka zipu yake.

"Sikatai," akasema.

"Hawajasikia."

"Sikatai!" Sauti kama ya mtu anayeng'olewa jino.

Peredo akainama kwenye kofia ya Doña Basilia. "Mama, tuelewane. Nusu kwa nusu."

"Padrino hapunguzi, mwanangu. Padrino huongeza. Halafu bia inakwisha."

Basi saa yake ya mkononi ikaenda, zikaja kreti za bia. Noti za kwenye koti zikaingia mkobani. Kisha wakampa nyundo, maana padrino ndiye hupiga pigo la kwanza, na yeye mwenyewe akalivunja duka la muuza keki, kizibao cha njano mwilini, bendi ikimpigia ngoma ya morenada. Na funguo za gari? Doña Basilia alikuwa amezichukua.

"Padrino wetu amelewa," akawatangazia watu kwa huruma. "Nitamtunzia."

Alizitunza mpaka lifti ilipokwisha kujengwa. Kila Jumamosi ujumbe wa majirani ulimfuata Peredo na tarumbeta akasimamie kazi yake. Mlangoni ukajengwa mteremko wa kweli, mrefu na mpole, simba mmoja akahamishwa kuupisha. Severo alinuna, mpaka wazee na wenye watoto wachanga walipoanza kugombania ukumbi wake.

Siku ya kwanza Doña Basilia alibonyeza kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Mlango ukafunguka juu, akaingia ukumbini mbele ya watu wote, akazungusha kiti katikati ya dansi, sketi zikafunguka kama mwavuli. Akacheza wimbo mzima na padrino. Ulipokwisha akamtia funguo mkononi.

"Nenda salama, Mhandisi."

Peredo akashuka kwa lifti yake, akatoka kwa mteremko wake, karibu akimbie. Kwenye gari jekundu alikuwa ameegemea Don Ciprián, yule wa keki, ambaye naye anajenga, ghorofa sita. Mkononi ana glasi mbili za bia baridi, na tone la ardhi ameshalidondosha.

"Mhandisi! Nasikia wewe ndiye padrino wa lifti."

Na jua lilikuwa kali, jamani, na Peredo alikuwa ametoka kucheza, na alikuwa na kiu.