Keshi Mkononi, Mkopo Kichwani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekwenda duka la magari na fedha taslimu kifuani: ndani ya mfuko wa khaki, chini ya shati, chini ya koti. Jasho lililonitoka! Pesa zote za gari jipya, dogo, la mizigo, lenye mlango wa nyuma. Kusema kweli ni za mke wangu. Yeye ni dobi. Miaka sita amefua na kupiga pasi mashuka ya watu. Sasa amepata hoteli ya vyumba arobaini, kazi inaanza Jumatatu ya tarehe 17. Ila kabla ya hapo, Ijumaa ya tarehe 14, hoteli inataka kuona kadi ya gari yenye jina lake. Hakuna kadi, hakuna mashuka. Amenipa maagizo matatu: lipa, chukua risiti, leta gari. Utadhani ananituma chumvi dukani! Mimi ni karani wa masjala, na kazini wananiita Mchumi.

Nilitarajia muuzaji atetemeke akiona keshi. Alipiga miayo. Akasema bei ni ile ile iliyobandikwa kiooni. Ila anayechukua kwa mkopo, akaongeza huku akichangamka, anapunguziwa laki nne na anapewa keria ya juu bure. Nikauliza kulikoni mwenye pesa aumie na asiye nazo aneemeke. Akasema watu wa mikopo wanampa kamisheni.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zilisimama wima. Nachukua mkopo. Napata laki nne na keria. Kesho yake nalipa mkopo wote kwa keshi! Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuliwaza hili. Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Mke wangu akauliza gari liko wapi. Nikamwambia rangi haijakauka.

Jumanne, 4 Machi

Kampuni ya mikopo. Afisa mikopo ni dada mwenye miwani na kalamu tatu. Akaniuliza historia yangu ya madeni. Kifua mbele nikamjibu kuwa sijawahi kudaiwa na mtu, hata kiberiti cha jirani. Akanitazama kwa huruma. Akasema kwenye kompyuta yao sionekani. Miaka arobaini na sita nakula na kulipa, sionekani! Anataka walau deni moja lenye jina langu, na mdhamini mwenye rekodi safi. Nikamfungulia mfuko wa khaki aone mwenyewe. Akasema pesa si rekodi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekopa friji. Malipo ya mwanzo kiduchu, saini mbili, na sasa naonekana. Ilipoletwa, mke wangu alisimama mlangoni na pasi mkononi akauliza ya nini, tunayo moja na iko nusu tupu. Nikasema ya kupoozea wanga wa mashuka. Akasema wanga haupoozwi. Nikamwambia biashara lazima iende na wakati. Akauliza habari za rangi. Nikasema upande mmoja bado.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kutafuta mdhamini. Bosi alikumbuka ghafla kuwa ana kikao. Mwenzangu wa masjala akasema alimdhamini mtu mwaka juzi, mtu akahama mji, na yeye analipa hadi leo. Akabaki shemeji.

Aibu iliyoje! Shemeji, kaka wa mke wangu, analipia gari lake kwa awamu mwaka wa tatu huu. Kila akisema ni gari lake, mimi humsahihisha: la kampuni ya mikopo. Nimemsahihisha mbele ya wanawe, mbele ya wakwe zake, hata msibani. Leo amenizungusha gari hilo, akataka niguse boneti na nitamke kwa sauti, mkewe akisikia, kwamba mwenye gari ni yeye. Nimetamka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Juu ya hapo anataka kuazima gari langu kila Jumapili, eti lake linakunywa mafuta. Nimekubali. Nikamsihi asimwambie dada yake. Akasema kwake siri huzikwa. Lakini alikuwa anacheka.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI! Mkataba una kurasa kumi na tisa. Nilisoma wa kwanza kwa makini na kutia saini wa mwisho. Nimetoa theluthi ya bei, keshi iliyobaki nimeificha nyuma ya kabati hadi Jumatatu. Laki nne zangu hizo! Kweli wamemega kidogo. Bima kubwa lazima nikate kwao. Kuna kifaa cha kufuatilia gari, nisije nikatoroka nalo, na gharama ni yangu. Kuna ada ya kufungua faili. Mimi, karani wa masjala, nalipia faili! Imebaki laki moja na nusu. Faida ni faida.

Mke wangu alilizunguka gari mara mbili. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akawa anapima kwa mikono mashuka yatakaa wapi na taulo wapi. Alipotoka macho yalikuwa yamelowa. Akaniambia ahsante, baba watoto. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha akaomba kadi. Nikasema inachapwa.

Jumatatu, 10 Machi

Jana shemeji alichukua gari. Limerudi na mchanga kila kiti na tanki tupu. Nimefagia mwenyewe kabla mke wangu hajaamka.

Asubuhi nimebeba mfuko wa khaki kwenda kumaliza mkopo. Nilidhani watanipigia makofi. Afisa mikopo akafungua ukurasa wa kumi na nne, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Anayelipa deni lote kabla ya miezi sita anatozwa faini. Laki sita! Nikamuuliza ni dunia gani hii mtu anaadhibiwa kwa kulipa. Akasema kampuni inaishi kwa riba, na mimi nataka kuilaza njaa. Na kadi? Inakaa kwao, imeandikwa jina lao na langu, mpaka deni liishe. Jina la mke wangu halimo popote.

Nikakaa kwenye benchi la wateja nikapiga hesabu mara nne. Kila mara jibu linatoka kwamba mimi ni mjinga. Lazima kikokotoo kina tatizo.

Jumanne, 11 Machi

Mpango mpya. Nimekwenda hotelini kumwona msimamizi wa vyumba, na barua yangu nzuri, aya tano na mhuri, nikiomba waipokee badala ya kadi. Aliisoma yote. Akasifu lugha. Halafu akasema yupo dobi mwingine mwenye gari na kadi, anapiga simu kila asubuhi kuuliza kama nafasi iko wazi. Mpaka Ijumaa, akasema.

Jioni mke wangu aliazima simu yangu awapigie watu wa sabuni. Ujumbe ukaingia akiwa nayo mkononi: mteja wetu mpendwa, awamu yako ya kwanza ni tarehe nane Aprili. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alinikalisha mezani akaniuliza swali moja moja, nami nikajibu moja moja, hadi tukafika kwenye friji. Akasema kila shuka la miaka sita limepita mikononi mwake mara nne: kuloweka, kufua, kuanika, kupiga pasi. Na mimi nimeyachezea yote kwa wiki moja ili muuza magari anione mwerevu. Niliona haya, haya ya kweli, na yalidumu mpaka chakula kilipoletwa.

Alhamisi, 13 Machi

Jana mke wangu aliuza pikipiki yangu ya kwendea kazini. Kwa keshi, kwa mtu wa kwanza aliyetokea! Hakusubiri hata wa pili apandishe bei. Akachukua na ule mfuko wa khaki, akaniburuta kampuni ya mikopo nikatie saini, akalipa deni, akalipa faini, akasimama kaunta bila kukaa mpaka karatasi za kadi zikaandikwa jina lake. Leo kadi imetoka na ameipeleka hotelini. Wamempa mkataba. Nasikia aliusoma wote, ukurasa kwa ukurasa, msimamizi akisubiri na kalamu yake.

Jumatano, 19 Machi

Mashuka themanini kila asubuhi. Mke wangu anaendesha mwenyewe, ameajiri wasichana wawili, na mimi siruhusiwi kugusa hata kioo cha pembeni. Naenda kazini kwa miguu, dakika hamsini. Viatu vinalia.

Lakini leo nimepigiwa simu. Afisa mikopo! Sauti tamu. Anasema kompyuta sasa inaniona vizuri mno: mteja aliyemaliza deni la gari kwa siku nne, hajawahi kutokea. Wamenipandisha daraja. Na wamepokea pikipiki mpya. Ukilipa keshi unapewa pikipiki basi. Ukichukua kwa mkopo unapewa kofia mbili na koti la mvua.

Nimelitafakari njia nzima. Sasa naelewa nilikosea wapi: nililipa haraka mno. Safari hii nitalipa polepole sana, hata miaka mitano, kampuni ishibe riba yake na mimi nibaki na koti.

Kinachotakiwa ni kitambulisho changu tu. Nimekitafuta kwenye pochi, kabatini, chini ya godoro. Mke wangu anasema hajakiona; anapiga pasi huku akiimba. Nyumba hii vitu vinapotea ovyo! Kesho naenda kituo cha polisi kuchukua hati ya kupotelewa. Dawati linafunguliwa saa mbili. Nitatoka saa kumi na mbili, niwe wa kwanza kwenye foleni.